Juma Kaseja: Miaka Kumi na Sita Mlangoni

Katika viwanja vya vumbi vya Nyasubi, mjini Kahama, kama katika viwanja vya mchangani kote nchini, golini hupelekwa aghalabu mtoto ambaye wenzake wamemwona si hodari wa miguu. Si ajabu basi kwamba kumbukumbu ya kandanda yetu imejaa majina ya wafungaji, na ya walinda mlango huhesabika kwa vidole. Juma Kaseja ni mmoja wa hao wachache.

Mwaka 2003, Simba iliilaza Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa bao 1-0 Dar es Salaam, nayo ikafungwa idadi hiyo hiyo Cairo. Ikabaki mikwaju ya penalti. Langoni alikuwa Kaseja, kijana asiyetimiza miaka 20, na Simba ikashinda 3-2.

Kimo hakikumpendelea. Kipa asiye mrefu hana budi kuiona hatari kabla haijafika: asimame panapostahili, awapange mabeki kwa sauti, atoke langoni kwa wakati. Maarifa hayo hayachakai upesi kama misuli.

Tarehe 6 Mei 2012, Simba iliifunga Yanga 5-0. Lango la Kaseja halikuguswa, na bao moja alilifunga mwenyewe kwa penalti. Mwaka uliofuata aliachana na Simba, akavaa jezi ya Yanga. Desemba 2013 Simba ikashinda 3-1, na lawama zikamwangukia yeye. Hiyo ndiyo dhulma ya kazi ile: mshambuliaji hukosa mara tano akasamehewa kwa bao moja, kipa huokoa mara tano, akahukumiwa kwa kosa moja.

Wengi wangalitundika glovu. Yeye alikwenda Mbeya City, Kagera Sugar, kisha KMC, kusiko na umati wala makelele. Mwaka 2019 Taifa Stars ikamwita tena. Agosti, jijini Nairobi, Kenya ilitolewa kwa penalti 4-1. Septemba, Dar es Salaam, Burundi ikatolewa kwa 3-0. Katika mapambano hayo mawili, ni mkwaju mmoja tu uliompita.

Kati ya Cairo na Nairobi ilipita miaka 16. Waliomzika mapema walisahau kwamba bawabu hapimwi kwa usiku mmoja.