Msimulizi, Mnukuzi na Sharti la Chanzo: Dunga katika Kamusi Elezo Huru

Mjadala kuhusu thamani ya masimulizi kama chanzo cha historia si mgeni katika idara zetu. Tangu Jan Vansina achapishe kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961, na tangu B. A. Ogot atoe History of the Southern Luo mwaka 1967, wengi wetu tumelichukulia shauri hilo kuwa limekwisha kuamuliwa: neno la mzee ni ushahidi, mradi lipimwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shauri limefunguliwa upya mahali ambapo wahakiki wa fasihi hatukupatarajia, yaani katika kamusi elezo ya intaneti iitwayo Wikipedia. Safari hii hakimu si profesa. Ni mhariri wa kujitolea, aghalabu kijana, anayejifunza masharti ya vyanzo huku akiandika. Mfano wetu mkuu utakuwa Dunga, ufuko wa wavuvi ulio kusini mwa mji wa Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam.

Hatuna budi kuanza na historia ya masharti yenyewe, kwa kuwa wanaoyalalamikia mara nyingi hawajui yalikotoka. Wikipedia ya Kiingereza ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001. Ya Kiswahili, ijiitayo kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003. Katika mwaka huohuo wa 2003 ndipo wahariri wa Kiingereza walipoweka masharti mawili ambayo yanatuhusu hapa. La kwanza ni uthibitikaji: kila dai linaloweza kupingwa sharti liwe na chanzo kilichochapishwa, ambacho msomaji anaweza kukifuata. La pili ni katazo la utafiti asilia: mwandishi asiingize nadharia au ugunduzi wake mwenyewe ambao haujachapishwa kwingineko. Katazo hili lilichochewa kwa kiasi fulani na watu waliotaka kuitumia kamusi elezo kutangaza nadharia zao za fizikia ambazo hakuna jarida lililozikubali.

Yafaa tuitazame mantiki yake. Katika kamusi elezo za zamani, makala makubwa yaliandikwa na mtaalamu na kutiwa sahihi yake. Msomaji aliamini kwa sababu ya jina. Katika Wikipedia mwandishi hana jina, au ana jina la kupanga. Kwa hiyo imani ilihamishwa kutoka kwa mwandishi na kupelekwa kwenye chanzo. Hatari ya kulegeza jambo hili ilidhihirika mwaka 2005, pale wasifu wa John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, ulipokaa kwa miezi kadhaa ukiwa na uzushi kwamba alishukiwa katika mauaji ya akina Kennedy. Hadi mwaka 2012 sera ya Kiingereza ilitamka waziwazi kwamba kipimo cha kuingiza habari ni uthibitikaji wala si ukweli. Tamko hilo liliwakera wengi, na ufunguzi wa sera ukaandikwa upya, lakini kiini chake hakikuondoka.

Je, fikra hii ni ngeni kwetu? Sidhani. Msomi wa Kiswahili aliyepitia chuoni anaijua isnadi, ule mnyororo wa wapokezi ambao bila huo matini ya hadithi ya Mtume haipimiki. Mtu hakubaliwi kwa kusema tu kwamba jambo fulani lilitendeka; huulizwa alilipokea kwa nani, na huyo naye kwa nani, na kama wawili hao waliwahi kukutana. Tofauti na Wikipedia ni kwamba isnadi humpima binadamu: uadilifu wake, kumbukumbu yake, mwenendo wake. Wikipedia humpima mchapishaji. Mpokezi mwaminifu asiye na mchapishaji hana mlango wa kuingilia.

Hapa ndipo historia ya fasihi yetu inapotufaa, kwa kuwa inaonyesha jinsi mpaka kati ya neno la mdomo na neno la kitabu ulivyo mwembamba. Tuchukue Habari za Pate. Tarihi hii inadai kwamba Wanabhani walifika Pate mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akatoa matini ya Kiswahili na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Inasemekana kwamba kitabu cha asili kiliteketea Witu, Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Nakala tulizo nazo zinarudi kwa kiasi kikubwa kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo huo uliotawala. Neville Chittick alizitilia shaka tarehe za mwanzo katika makala yake ya mwaka 1969, na Marina Tolmacheva alipozilinganisha nakala mbalimbali katika toleo lake la mwaka 1993, tofauti zake zilionekana wazi. Hata hivyo, mhariri mpya akiandika leo kwamba Wanabhani walifika mwaka 1203 na kumtaja Werner, amelitimiza sharti. Werner hakuwapo. Bwana Kitini naye hakuwapo. Kilichobadilika kati yao ni wino tu.

Hali ya Muyaka bin Haji haiko mbali na hiyo. Sehemu kubwa ya mashairi yake ilihifadhiwa vifuani mwa watu wa Mombasa baada ya kifo chake yapata mwaka 1840, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kumfikishia W. E. Taylor. Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akayarejea katika kitabu chake cha mwaka 1979. Tunamnukuu Hichens na tunamnukuu Abdulaziz, na ni haki. Lakini ni wangapi kati yetu wanaomtaja Sikujua katika tanbihi? Kosa tunalolilaumu katika kamusi elezo, la kumsahau msimulizi na kumheshimu mnukuzi, sisi tumelifanya kwa muda mrefu zaidi.

Kwa upande wa Kenya, kisa kinachoeleza vizuri zaidi jinsi mhariri mpya anavyokutana na masharti haya ni cha Makmende. Jina hilo lilikuwa la mitaani kwa miaka mingi. Watoto wa Nairobi walimwita hivyo yeyote aliyejifanya shujaa wa sinema, na kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983. Mwezi Machi 2010 kikundi cha muziki cha Just A Band kilitoa video ya wimbo Ha-He, na Makmende akazagaa nchi nzima. Wakenya waliojaribu kumwandikia makala katika Wikipedia ya Kiingereza waliyaona makala yao yakifutwa mara kadhaa. Heather Ford, mtafiti kutoka Afrika Kusini, amekichunguza kisa hiki kwa makini. Makala yalisimama baada ya vyombo vya habari vya nje, yakiwemo magazeti ya Marekani, kumwandika Makmende. Jambo lililojulikana na kila kijana wa Nairobi lilihitaji hati ya kusafiria.

Kisa cha Makmende kilimalizika kwa furaha kwa sababu magazeti yalikuja. Dunga magazeti huja kwa nadra, na yakija hutafuta gugu maji, mafuriko au watalii wa mashua. Tufikirie basi mhariri mpya, mwenyeji wa ufuko huo, anayetaka kuandika makala juu ya Dunga kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza haitamtaabisha. Kinamasi cha mafunjo cha Dunga kimeorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege duniani, na wataalamu wameandika juu ya viumbe wake. Kuhusu samaki pia atapata mengi: jinsi mbuta alivyoingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, jinsi spishi nyingi za asili zilivyotoweka baadaye, na jinsi ngege na omena wanavyovuliwa. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ina vitabu vyake. Taabu huanza anapofika kwa watu. Nani walikaa hapo kwanza? Jina la mahali lilitoka wapi? Kabla ya nyavu za nailoni watu walivua kwa zana gani, na wanawake waliokuwa wakinunua samaki mashuani walifuata kanuni zipi? Haya yote anayajua, au anamjua ayajuaye. Akiyaandika, yataandamwa na alama ya kudai chanzo, au yatafutwa. Ndege wa Dunga wana tanbihi. Bibi yake hana.

Wako watakaosema kwamba huu ni ubeberu wa maarifa, na hoja yao ina uzito. Uthibitikaji ni wa nani? Sera yenyewe inakiri kwamba ugumu wa kukipata chanzo haukibatilishi. Kwa hiyo makala ya Werner, yaliyo katika jarida la London la zaidi ya miaka 100 iliyopita, yanahesabiwa kuwa yanathibitika, hali mzee wa Dunga, ambaye msomaji wa Kisumu anaweza kumfikia kwa bodaboda na kumuuliza mwenyewe, hathibitiki. Hata hivyo nadhani hoja hii ikisukumwa hadi mwisho inaanguka. Msomaji wa Kisangani au Muscat hawezi kupanda bodaboda hiyo. Tena mzee humjibu kila aulizaye kwa namna yake. Huongeza, hupunguza, humsoma msikilizaji. Sisi wa fasihi simulizi tunajua hivyo kuliko wote, maana ndiyo sifa tunayoisifia darasani. Utendaji unaoufanya usimulizi kuwa sanaa ndio huohuo unaoufanya kuwa mgumu kunukuliwa.

Suluhisho moja lilijaribiwa mwaka 2011. Mradi ulioitwa People Are Knowledge, ulioongozwa na Achal Prabhala, ulirekodi masimulizi katika India na Afrika Kusini na kutumia sauti hizo kama vyanzo vya makala. Upinzani ulikuja upesi kutoka kwa baadhi ya wahariri wa Kiingereza: mahojiano aliyoyafanya mhariri mwenyewe, walisema, ni utafiti asilia. Pendekezo hilo halikupata kuwa kanuni. Mwezi Agosti 2025 mkutano wa kimataifa wa wahariri hawa, Wikimania, ulifanyika Nairobi, na tatizo la maarifa yasiyoandikwa lilikuwa bado linatafuta jibu.

Mimi nina maoni kwamba jibu halitatoka huko, bali limekuwa likitoka kandokando ya ziwa hili kwa karibu miaka 90. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, kwa Kidholuo. Shadrack Malo alitoa Dhoudi mag Central Nyanza mwaka 1953, kitabu cha koo na chimbuko lake ambacho wanahistoria wa baadaye wamekitegemea. Onyango-Ogutu na Roscoe walichapisha Keep My Words mwaka 1974. Asenath Bole Odaga alikusanya ngano, akaandika kwa Kidholuo na Kiingereza, kisha akaanzisha kampuni ya uchapishaji mjini Kisumu kwenyewe. Mtu huyu anastahili makala peke yake. Alitambua kwamba pengo halikuwa kati ya mzee na msomi bali kati ya kinasa sauti na kiwanda cha kupigia chapa. Henry Odera Oruka naye, katika Sage Philosophy ya mwaka 1990, alienda hatua moja mbele: alichapisha mahojiano pamoja na majina ya wahenga waliohojiwa, kila mmoja akiwajibika kwa fikra zake. Kwa mizani ya isnadi, na kwa mizani ya Wikipedia pia, huo ni utaratibu usio na kasoro kubwa. Msimulizi ana jina, mnukuzi ana jina, mchapishaji ana jina.

Hapo ndipo suala linaporudi mlangoni mwa idara zetu. Kwa miongo kadhaa wanafunzi wa uzamili wametumwa ufuoni na vijijini kukusanya ngano, nyiso na historia za koo. Tasnifu zao zimo rafuni. Kwa mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza, tasnifu ya uzamivu inaweza kutajwa kwa tahadhari, lakini ya uzamili haikubaliki isipokuwa imethibitika kuwa na athari kubwa ya kitaaluma. Makala yaliyopitiwa na wasomi na kuchapishwa katika jarida kama hili yanakubalika bila maswali mengi. Maana yake ni kwamba kila simulizi tuliloliacha katika kiambatisho cha tasnifu, tukachapisha uchambuzi wa kinadharia tu bila matini, tumelinyima kijana wa Dunga chanzo. Mtindo wetu wa kunukuu mistari mitatu ya ngano na kurasa kumi za nadharia umekuwa na gharama ambayo hatukuihesabu. Aidha, tunapoandika "mhojiwa wa kwanza" na "mhojiwa wa pili" mahali ambapo msimulizi angependa jina lake litajwe, tunakata mnyororo kwa mikono yetu.

Kuna jambo moja la dharura katika haya. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia kina cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo, kikipita kile cha mwaka 1964, na maji yakaingia katika makazi ya ufuoni, Dunga ikiwemo. Kina cha maji kwa miaka yote miwili kimerekodiwa na vipimo, na mhariri anaweza kukitaja. Lakini vipimo havisemi mwaka 1964 maji yalifika kwenye boma lipi, nani walihamia mlimani na nani walirudi, wala waliyaita mafuriko yale kwa jina gani. Mtoto wa miaka 10 aliyeyaona alikuwa na miaka 56 zaidi maji yaliporudi mwaka 2020. Leo amepita 70.