Puli Iliyoacha Kusamehe

Mkanda wa supachaja, pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, unapolia, kuchanika kingo au kuruka nje ya puli, mafundi wengi huulaumu mkanda wenyewe. Historia inatuelekeza kwingine. Katika viwanda vya karne ya 19, mikanda bapa ya ngozi ilizunguka juu ya puli zenye mgongo ulioinuka katikati. Umbo hilo liliuvuta mkanda urudi katikati, hata shafti zikiwa hazijalingana sawasawa. Mwaka 1917 John Gates wa Denver alileta mkanda wa mpira wenye umbo la V. Ulishika vizuri kuliko ngozi, lakini ulikaa ndani ya mfereji, na mfereji haurudishi mkanda uliopotea njia: huusaga ubavuni.

Yaweza kusemwa kwamba supachaja haikuzaliwa na mkanda. Ni kweli: gari la Bentley la 1929 liliiendesha moja kwa moja kutoka mbele ya shafti ya krenki. Lakini Studebaker Golden Hawk ya 1957 ilitumia mkanda, na katika mpangilio wa namna hiyo kosa dogo la breketi inayoshikilia supachaja huwa kosa la puli. Wengine hutegemea puli ya kukaza. Hiyo huondoa ulegevu tu. Mstari wa puli hubaki ulivyo. Kwa hiyo tiba bado ni ile ya kale: rula ndefu ya chuma, au uzi uliovutwa, juu ya nyuso za puli. Iliyotokeza husogezwa kwa washa nyembamba. Iliyoinama haiponi kwa washa zinazolingana kila bolti. Breketi yenyewe lazima inyooshwe.