Utenzi, Riwaya na Nguo Iitwayo Juliana

Kemondo ni bandari ya Ziwa Viktoria, kusini mwa mji wa Bukoba. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ilijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Ushairi haukukawia. Mwaka 1981 Henry Muhanika alichapisha Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Tangu kale bahari hiyo ndiyo chombo chetu cha kusimulia vita. Jicho lake huelekea uwanja wa mapambano; ni nadra kuingia chumbani.

Chumbani aliingia mwanamke. Mwaka 2007 Goretti Kyomuhendo wa Uganda alitoa riwaya yake ya Kiingereza, Waiting. Tupo Hoima, mwaka 1979. Familia inajificha usiku migombani ikiwahofia askari wa Amin wanaokimbia, na mama anashikwa na uchungu wa uzazi katika siku hizo za hofu. Baadaye msichana anampenda askari wa Kitanzania. Mkombozi, ambaye utenzi humwimba akiwa na silaha, hapa ana maungo na matamanio kama mtu yeyote.

Upande wetu wa mpaka, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera. Kabla ya jina hilo kuenea, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyoingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Washairi wenzangu, litazameni neno hilo. Ni tafsida, kwa kuwa linaufunika mwili kwa vazi. Lakini ni hukumu pia: aliyeitamani nguo ameonekana kajitakia maradhi. Sitara na lawama zimeshonwa kwa uzi mmoja.

Riwaya ina uwezo wa kuufumua uzi huo bila kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa humpa mgonjwa jina lake, nyumba yake na aliyempenda. Utenzi wa askari aliyekwenda vitani tunao. Natamani kusoma, kwa Kiswahili, habari za mwanamke aliyempokea aliporudi, na yaliyowapata wawili hao baada ya mlango kufungwa.