Hamira Iliyobeba Neno Letu

Msomaji kijana, ukishuka alfajiri kutoka mjini Kisumu hadi ufuko wa Dunga, utawaona wavuvi wakikunja kamba na nyavu zao kabla ya kuachana. Kamba iliyotatizana haigawanyiki. Ukiikata ovyo, wote wawili mtapata hasara. Liweke jambo hili moyoni, kwa maana litatufaa katika habari hii ya kiumbe mdogo mno, ambaye historia yake yaanzia katika vyungu vya bibi zetu.

Tangu zamani watu wa kando ya ziwa hili wamejua kutengeneza pombe ya nafaka, ambayo Wajaluo huiita kong'o. Wimbi hurowekwa hata likachipua, likaanikwa, likasagwa, kisha likatiwa katika unga mwingine na kuachwa lichache. Sikusifii ulevi, nakusifia ujuzi. Bibi aliyetazama povu alitambua kazi ilivyoendelea, pasipo saa wala kipimo. Asichokiona ni hamira yenyewe, yaani chembe hai zilazo sukari na kuigeuza kuwa kileo na gesi.

Mwaka 1893, Mjerumani Paul Lindner aliichunguza kwa hadubini pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaona hamira ya namna ya pekee. Hamira ya mikate huchipuza kitoto ubavuni. Hii hurefuka kama kijiti, kisha hukatika katikati zikawa mbili zilizo sawa. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno refu lina asili ya Kiyunani. Fupi ni Kiswahili chetu.

Ndani ya kila chembe mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Mwanadamu anazo 46. Hamira hii inazo 3 tu. Lakini ukizinyosha hizo 3 na kuziunga, zitapata zaidi ya milimita 4, hali chembe yenyewe haifikii sehemu ya 50 ya milimita moja! Basi, kabla ya kugawanyika, chembe huzinakili nyuzi zake, kisha huzikunja na kuzifupisha. Kazi hiyo yasimamiwa na protini ziitwazo kondensini, zinazoushika uzi na kuuvuta kitanzi kwa kitanzi.

Je, zikishindwa? Mwaka 1994 Mitsuhiro Yanagida na wenzake wa Kyoto, Japani, walieleza habari za hamira zenye kasoro katika protini hizo. Nyuzi hazikukunjika vema wala hazikuachana. Lakini kiambaza cha katikati kilijengwa vivyo hivyo, kikakipasua kiini kama kisu. Ndiyo ile kamba ya Dunga iliyokatwa kabla ya kukunjwa.

Usidhani kwamba hayo ni mambo ya chunguni tu. Kondensini zimo hata mwilini mwako. Tena, mwaka 1987 Melanie Lee na Paul Nurse, wa Uingereza, walionyesha kwamba jeni ya mwanadamu yaweza kuiamuru hamira hii igawanyike. Mwaka 2001 Nurse alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Kiumbe alikuwa wetu, na jina ni letu. Bali hadubini na daftari vilikuwa mikononi mwa wengine, nao ndio walioandika. Bibi zetu hawakukosa akili ya kutazama, walikosa chombo. Wewe leo unaye mwalimu, na daftari unalo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: basi inama, utazame kilicho karibu nawe, uandike.