Nadharia Zilizopimwa Mwanza

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, waganga wengi walishuku kwamba magonjwa ya zinaa huifungulia njia VVU: kidonda huacha ngozi wazi, na uvimbe hukusanya chembe zilezile ambazo virusi huzishambulia. Ilikuwa hoja nzuri, ila haikuwa na ushahidi. Kuanzia 1991, taasisi ya utafiti wa tiba NIMR, shirika la afya AMREF na watafiti kutoka London waliipima katika Mkoa wa Mwanza.

Walichagua jamii 12, wakazipanga jozi 6: za barabarani, za mwaloni, za visiwani na za bara. Katika kila jozi, moja ilianza kupata tiba bora na nyingine ikasubiri. Zahanati hazikuwa na maabara, hivyo tabibu alifuata dalili: mwanamume anayetokwa usaha alitibiwa kisonono na klamidia kwa pamoja, kisha akaombwa amlete mwenzi wake. Jambo lisilosifiwa sana ni kwamba dawa zilikuwepo rafuni. Bila hizo mpango mzima ungebaki karatasini. Matokeo ya 1995 yalishangaza dunia: katika miaka 2, waliopata VVU walikuwa asilimia 1.2 penye tiba na 1.9 pasipo nayo.

Miaka 4 baadaye, utafiti wa Rakai, ng'ambo ya Ziwa Victoria nchini Uganda, uligawa dawa kwa jamii nzima, na VVU haikupungua. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba janga la Rakai lilikuwa la zamani zaidi, na vidonda vingi vilitokana na hepesi, isiyosikia antibiotiki. Dhana hiyo nayo ikapimwa: wanawake wa baa na nyumba za wageni kaskazini-magharibi mwa Tanzania walipewa asiklova, dawa ya hepesi. Mwaka 2008 ikatangazwa kuwa haikuwakinga dhidi ya VVU.

Kwa vijana, mradi wa MEMA kwa Vijana uliegemea nadharia ya Albert Bandura, ya kujifunza kwa kuwatazama wengine. Kuanzia 1999, wanafunzi wa darasa la 5 hadi la 7 walifundishwa kwa msaada wa wenzao. Ujuzi uliongezeka, maambukizi hayakubadilika. Watafiti walioishi vijijini walikuwa wameiona sababu mojawapo: msichana alipewa sabuni au fedha ili akubali ngono, na uamuzi haukuwa wake peke yake, jambo ambalo nadharia ya akili ya mtu mmoja hailigusi. Utafiti wa MAISHA, uliofuata jijini Mwanza, uliwaendea wanawake katika vikundi vyao vya mikopo, ukapima kama mafunzo kuhusu jinsia yangepunguza ukatili wa majumbani.