Bibi alipoonja wiski ya Waskoti

Najua nimepotea, wiki tatu kimya. Kulikuwa na majaribio, halafu nikapanda zangu nyumbani Olmotonyi, bando likakata na mimi nikaliacha likatike. Nimerudi na stori, tena ya historia, kwa hiyo wale wa "kozi yenu ni kukariri tarehe tu" leo mkae kwa kutulia.

Mwalimu wetu wa semina alitupa kazi: chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu, ukifuatilie kilikotoka. Wenzangu wamechagua majembe, ngoma, kanisa la kijijini. Mimi nilikuwa sina kitu kabisa mpaka binamu yangu aliporudi kutoka safari. Yeye ni dereva wa watalii. Wageni wake wazee wawili wa Uskoti walimwachia chupa mbili ambazo hawakuzimaliza porini. Moja Ardbeg inayoitwa Wee Beastie, ya miaka 5, asilimia 47.4 ya kilevi. Ya pili Kilchoman Machir Bay, asilimia 46, haijaandikwa umri. Zote mbili zinatoka kisiwa kimoja, Islay, magharibi ya Uskoti, na zote ni wiski changa za moshi.

Moshi kivipi? Hapo ndipo nilipoanza kuchimba. Wiski ya aina hii ni shayiri tupu. Unailoweka, inachipua, inakuwa kimea, kisha unaikausha ili isiendelee kuota. Mama zetu wanafanya hivyo hivyo na ulezi wa mbege, tofauti ni kwamba sisi tunaanika juani. Islay jua ni la kuazima na miti ni michache, kwa hiyo walikaushia kimea juu ya moto wa mboji, yaani udongo wa kinamasi, majani na mizizi iliyolala majini maelfu ya miaka. Wanaukata kama tofali, wanaukausha, wanauchoma. (Msiwacheke, majirani zetu Rwanda wanachoma mboji kuzalisha umeme.) Moshi wake unaingia kwenye kimea na hautoki tena. Wana mpaka kipimo chake: kimea cha Ardbeg, na kile ambacho Kilchoman wananunua, kina fenoli kama sehemu 50 hivi kwa milioni. Kwa hiyo moshi wa Islay ulianza kama shida ya kuni. Sisi wa Olmotonyi, wenye chuo cha misitu tangu enzi za mkoloni na misindano mpaka mlangoni, tusingeweza kuugundua.

Basi Jumapili jioni tukakaa jikoni kwa bibi (kwetu tunamwita koko): mimi, binamu, koko mwenyewe, na mjomba. Mjomba haoni. Nitarudi hapo.

Tulitumia vikombe vya chai. Ardbeg ilinipiga puani kama lami mbichi barabarani, halafu ikaja nyama choma ile iliyodondosha mafuta kwenye makaa, pilipili manga, na mwishoni utamu kama wa keki. Kilchoman ni mpole zaidi. Ina ndimu, ina utamu wa mwanzo, moshi unakuja nyuma kama mgeni anayebisha hodi kwanza. Binamu akaongeza maji kidogo, kama wale wazee walivyomfundisha, na kweli Ardbeg ikafunguka, lami ikapungua. Mimi nilipenda Kilchoman. Binamu akasema nina ulimi wa soda.

Koko alinusa kikombe muda mrefu bila kunywa. Akaonja tone moja. Akasema, "Hii ni ya juzi. Na chini ya sufuria imeungua." Akanusa ya pili. "Hii imepikwa na mtu mwenye subira. Lakini nayo mtoto."

Jamani nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana alikuwa sahihi. Kila mwaka pipani unapunguza ukali wa moshi, kwa hiyo wiski changa ndiyo yenye moshi mwingi, na siku hizi uchanga wenyewe unauzwa kama sifa. Ardbeg walifunga kiwanda mwaka 1981, wakafungua kidogo mwaka 1989, wakafunga tena mwaka 1996, kikanunuliwa mwaka 1997. Kile walichopika mwaka 1998 hawakusubiri kikomae ndipo wakiuze. Walikitoa hatua kwa hatua na majina ya kitoto kabisa: Changa Sana mwaka 2004, Bado Changa mwaka 2006, Karibu Kufika mwaka 2007, mpaka mwaka 2008 kikafikisha miaka 10. Watu walinunua kila hatua, kama mzazi anayetunza ripoti za mtoto tangu darasa la kwanza. Kilchoman nao walianzishwa mwaka 2005 na kutoa wiski ya kwanza mwaka 2009. Kwa nini wasubiri? Kwa sababu sheria ya Uingereza haikuruhusu kuiita wiski kabla ya miaka 3 ndani ya pipa la mti.

Hiyo sheria nayo ina stori. Ilikuja mwaka 1915, katikati ya vita kuu ya kwanza, wakati serikali ililalamika kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanalewa. Ilianza na miaka 2, mwaka uliofuata ikawa 3. Kabla ya hapo ungeweza kuuza kitu kilichotoka kwenye bomba asubuhi ile ile. Yaani kwa karne nyingi Mskoti wa kawaida alikuwa anakunywa pombe kali nyeupe, yenye moshi, ya moto wa kienyeji. Wadau, hiyo sisi tunaiita gongo. Au piwa. Au machozi ya simba. Au, kwa jina ambalo limeingia mpaka kwenye vitabu vya sheria, moshi.

Koko alipika moshi. Nimeomba ruhusa yake kuandika hili na amesema niandike, "wameshanifunga, watanifunga tena?" Alianza mwishoni mwa miaka ya 1970, babu alipofariki. Pipa la mafuta, mrija, beseni la maji baridi, ndizi zilizoiva kupita kiasi, na sukari ikipatikana. Baada ya vita vya Kagera haikupatikana, kila mtu mzima anakumbuka foleni. Ada ya mama yangu ya sekondari ilitoka kwenye ule mrija. Mwaka 1984 walikuja askari usiku, wakatoboa pipa kwa sululu, wakamchukua. Alilala ndani siku mbili, akatozwa faini, mbuzi wawili wakauzwa. Baada ya miezi minne alikuwa na pipa jingine.

Sasa linganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 kulikuwa na mama mmoja Speyside, Uskoti, anaitwa Helen Cumming. Yeye na mumewe John walikuwa wakulima, na walipika wiski bila leseni shambani kwao Cardow tangu mwaka 1811. John alitiwa hatiani mara 3 mwaka 1816. Mpishi mwenyewe alikuwa Helen. Wakaguzi wa kodi walipofika anawakaribisha mezani, anawapa chakula, na wakati wanakula yeye anapandisha bendera nyekundu juu ya ghala ili majirani wafiche mitambo yao. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilichoka kufukuzana na watu milimani, likapunguza kodi na kuweka leseni ya pauni 10. Mwaka uliofuata akina Cumming wakakata leseni. Mwaka 1893 kampuni ya Johnnie Walker ikanunua kiwanda chao. Leo kiwanda kinaitwa Cardhu na hadithi ya ile bendera inasimuliwa kwa wageni kwa fahari kabisa.

Nilimsimulia koko. Akauliza swali moja tu: "Hiyo leseni, hata mwanamke angeipata?" Nikamwambia ilipatikana kwa familia. Akasema, "Ahaa."

Kwetu njia ilikwenda kinyume. Wakubwa wa Ulaya walikubaliana Brussels mwaka 1890 kuzuia pombe kali isiingie sehemu kubwa ya Afrika ya kati. Mwaka 1919, pale Saint-Germain-en-Laye, wakarudia na kukaza. Hata Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, ibara ya 22, ile iliyotuweka chini ya udhamini, inataja biashara ya pombe pamoja na ya watumwa na ya silaha kama maovu ya kuzuiwa. Nisieleweke vibaya, kulikuwa na wamisionari waliokuwa na uchungu wa kweli, na jini ya bei rahisi ya Ulaya ilileta balaa Afrika Magharibi. Lakini matokeo yake Tanganyika yalikuwa haya: mzungu anakunywa wiski klabuni, Mwafrika anaruhusiwa pombe ya kienyeji, na pombe kali kwake ni kosa, iwe ya chupa au ya pipa. Hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1950. Fikiria vizazi viwili vinakua vikijua kwamba kukamua kilevi kwa moto ni kazi ya watu fulani tu.

Halafu uhuru. Mimi nilidhani hapo ndipo sheria ingelegea kama ile ya mwaka 1823. Wapi! Mwaka 1966 tukatunga yetu, na neno "Moshi" likaandikwa hivyo hivyo katikati ya Kiingereza cha mahakama. Kupika bila leseni kosa, kuuza kosa, kukutwa nayo kosa. Waganda mwaka huo walikuwa tayari wamejaribu njia ya pili: sheria yao ya enguli ilitaka wapishi wa vijijini wapeleke pombe yao kiwandani ikasafishwe, na hapo ndipo Uganda Waragi ilipozaliwa mwaka 1965. Sisi tukapata Konyagi, ya kiwanda, na mwenye pipa kijijini akabaki mhalifu. Kenya walipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, wakaja kuihalalisha kwa masharti mwaka 2010.

Ningependa kuishia hapa, bibi yangu shujaa, sheria mbaya. Ila mjomba alikuwa amekaa palepale.

Mjomba alipoteza macho mwaka 1999. Alikunywa jioni na wenzake, akaamka anaona kama ukungu mweupe, kesho yake giza. Mmoja wa wenzake hakuamka. Ni metanoli: mwilini inageuka asidi ya fomiki, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa jicho. Hospitali ikiwahi inaweza kuizuia. Hawakuwahi. Nairobi mwezi Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa kitu hicho hicho. Siku zote nyumbani tumesema mjomba alikunywa kwingine, mjini. Nimekua na jibu hilo bila kuuliza swali.

Jioni ile nikauliza. Kwa adabu, lakini niliuliza. Koko hakukasirika. Alisema kikombe cha kwanza kinachotoka kwenye mrija hakuwahi kukiuza maisha yake yote, alikimwaga chini, na kwamba mwaka 1999 alikuwa ameshaacha miaka mitano. Mjomba akasema, "Mama, nilikunywa kwa yule wa stendi, nimekwambia mara mia." Akasema bila hasira, kama mtu anayetaja njia ya kwenda dukani.

Nimesoma sana tangu nirudi. Kikombe cha kwanza kweli kina uchafu mwingi, lakini kukimwaga hakuondoi metanoli yote. Pia ndizi na ulezi peke yake hutoa metanoli kidogo. Vifo vya halaiki karibu kila mara vinatokana na mtu kuongeza spiriti ya viwandani ili aongeze ujazo na kupunguza bei. Na hilo hufanyika pale ambapo hakuna anayekagua kwa sababu kitu chenyewe "hakipo". Wauzaji wa Uskoti wa zamani nao walichakachua, tena sana. Waliokoka walipoanza kupimwa. Huo ndio msimamo wangu na nitautetea kwenye semina, hata kama mwalimu ataniambia nina upendeleo wa damu. Ninao.

Sasa kitu ambacho sikutarajia. Mjomba hanywi tangu siku ile, lakini aliomba anuse. Binamu akabadilisha vikombe nyuma ya mgongo mara nne, na mara zote nne mjomba akavitaja bila kukosea. Akasema Kilchoman inanuka kibuyu cha maziwa cha bibi yake mzaa mama. Na ndiyo kweli, wadau! Ule mti wa oloirien, mzeituni wa porini, unaouchoma na kusugulia ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa. Nilikuwa nimetafuta jina la ile harufu saa nzima, na nimeinywa tangu utotoni.

Akauliza, "Na hao Waskoti, kikombe cha kwanza wanakimwaga?"

Nikamwambia hapana, wanakirudisha kwenye mtambo kipikwe tena na mzigo unaofuata, hakuna tone linalopotea.

Koko akatikisa kichwa. "Wanakirudisha? Walafi hao." Akaomba chupa zikiisha aachiwe ile ya Ardbeg, ina kizibo kizuri cha kutilia asali.