Kitochi Kinachovuka Mpaka: Historia ya Simu ya Bei Nafuu Safarini

Chukua kitochi chochote cha zamani kilichopo nyumbani kwenu, kile chenye batani na taa kichwani, ambacho Kenya wanakiita kabambe au mulika mwizi. Mwaka 2007 ungeweza kupanda nacho ndege Dar es Salaam, ukashuka London, Singapore au Sydney, ukanunua laini ya hapo hapo, ukaichomeka na kupiga nyumbani kusema umefika salama. Leo London bado kitafanya kazi. Singapore na Sydney kitawaka vizuri tu, saa itasoma, tochi itamulika, ila mtandao hakishiki. Simu haijaharibika. Kilichovunjika ni makubaliano, na habari ya makubaliano hayo ni muhimu kwa yeyote anayetaka kununua simu ndogo ya kusafiria mwaka huu.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1980 Ulaya Magharibi ilikuwa na simu za mkononi, ingawa nyingi zilikuwa za kwenye gari. Shida ni kwamba kila mkubwa alikuwa na mfumo wake: Ujerumani C-Netz, Ufaransa Radiocom 2000, Uingereza TACS. Mjerumani akivuka na gari kuingia Ufaransa, simu yake inageuka pambo. Nchi za Skandinavia na Finland peke yake ndizo zilizokuwa mbele, kwa sababu kuanzia 1981 zilitumia mfumo mmoja, NMT, ambao ulikubali kuvuka mpaka.

Mwaka 1982 mashirika ya posta na simu ya Ulaya yaliunda kamati iliyoitwa Groupe Spécial Mobile. Kifupi chake ndicho GSM. Tarehe 7 Septemba 1987, mjini Copenhagen, nchi 13 zilitia saini ahadi ya kujenga mtandao wa aina moja, kwenye masafa yaleyale, karibu megahezi 900, na kuufungua mwaka 1991. Angalia jambo hilo vizuri: waliahidi kununua kitu ambacho hakikuwepo bado. Kwa mtengenezaji wa simu hiyo ni neema, maana anajua kuna soko la nchi 13 linalomsubiri. Simu za bei rahisi zilizokuja baadaye zinaanzia hapo. Bei hushuka mtu akitengeneza mamilioni ya kitu kilekile, na huwezi kutengeneza mamilioni kama kila nchi inataka chake.

Simu ya kwanza ya GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu, aliongea na Kaarina Suonio, naibu meya wa Tampere, kupitia mtandao wa Radiolinja. Mwaka uliofuata mtandao wa Finland na wa Uingereza wakakubaliana wateja wao waweze kutumia minara ya mwenzake. Romingi hiyo.

Lakini mimi naona romingi ilikuwa anasa ya watu wanaolipiwa bili na kampuni. Kwa msafiri wa kawaida, mapinduzi yalikuwa ile kadi ndogo tunayoiita laini. Kwenye mifumo mingi ya zamani namba yako ilikuwa imeandikwa ndani ya simu yenyewe, ukitaka kuibadilisha unampelekea fundi au unanunua simu nyingine. GSM iliitoa namba ikaiweka kwenye kadi. Ghafla simu ikawa kama redio ya mbao ya babu: chombo tu, kinashika kituo chochote kilichopo. Ukifika ugenini unanunua laini kwa bei ya mwenyeji, unapiga kama mwenyeji. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa Copenhagen siku ile, na bado sisi ndio tuliofaidi sana.

Haikuwa dunia nzima, hata hivyo. Marekani masafa ya 900 yalikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo GSM yao iliwekwa kwenye 1900 na baadaye 850. Japani na Korea Kusini hazikujenga GSM kabisa, na wageni walikuwa wakikodi simu uwanja wa ndege. Mwaka 1999 Motorola ikatoa Timeport L7089 iliyoshika 900, 1800 na 1900, simu ya wafanyabiashara na bei ya wafanyabiashara. Nokia 1100, iliyotoka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250, ilishika masafa mawili tu. Wale wa Amerika walitengenezewa toleo lao. Kwa hiyo kama ndugu yako alikutumia "Nokia original" kutoka Marekani enzi zile ikagoma kushika mtandao, inawezekana hukupigwa. Au ilikuwa haina masafa yetu, au ilikuwa imefungwa kwenye kampuni moja, jambo lililowapa mafundi wa kuflashi riziki miaka mingi.

Mwaka 2005 chama cha kampuni za GSM kiliwashindanisha watengenezaji: nani anaweza kuuza simu kwa chini ya dola 40? Motorola ikashinda na C114. Simu hizo zililengwa kwa watu ambao hawajawahi kuwa na simu. Wasafiri walizidandia tu, kwa sababu zinazojulikana: chaji inakaa, ikiibiwa stendi hulii.

Na Afrika Mashariki tuliongeza letu. Septemba 2006 Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, ilifungua One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mfanyabiashara wa Arusha akivuka Namanga, laini yake iliendelea kwa bei za wenyeji, kupokea simu ilikuwa bure, na vocha ya Kenya iliingia kwenye laini ya Tanzania. Iliwezekana kwa sababu mitandao ya nchi zote tatu ilikuwa ya mwenye mali mmoja, hakukuwa na wa kubishana naye juu ya bili. Umoja wa Ulaya, pamoja na taasisi zake zote, ulifuta ada za romingi tarehe 15 Juni 2017. Hesabu mwenyewe.

Sasa kwa nini kitochi kimekufa Sydney? Masafa ni kama viwanja, havizaliwi vipya. Kampuni zikitaka kujenga 4G na 5G zinabomoa nyumba ya zamani. Telstra ya Australia ilizima 2G Desemba 2016, AT&T ya Marekani tarehe 1 Januari 2017, Singapore ikafuata Aprili mwaka huo. Kisha ikafika zamu ya 3G: Marekani ilimaliza 2022, Australia 2024.

Hapo ndipo pana mtego. 4G iliundwa kubeba data. Kupiga simu ya kawaida juu yake kunahitaji kitu kinaitwa VoLTE. Vitochi vyenye VoLTE vipo, kwa mfano Nokia 105 4G iliyotangazwa 2021. Ila VoLTE inategemea mipangilio ya kila kampuni, na masafa ya 4G ni mengi mno kuliko yale manne ya zamani. Simu inayopiga vizuri Mwanza inaweza kunyamaza Melbourne. Australia walienda mbali zaidi: simu isiyoweza kupiga namba ya dharura kupitia 4G, mitandao inatakiwa kuifungia kabisa, hata kama intaneti yake inafanya kazi. Tumerudi kwenye lile gari la Mjerumani mpakani.

Kwa hiyo kabla hujalipa, geuza boksi usome. Kama limeandikwa GSM 900/1800 tu, hiyo ni simu ya hapa nyumbani, ya India na sehemu za Ulaya. Kama unaenda Marekani, Australia au Singapore, tafuta yenye neno VoLTE, kisha linganisha masafa yake ya 4G na ya mtandao wa huko. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI; kampuni kadhaa zina ukurasa wa kuiingiza na kukuambia kama simu itakubaliwa. Hakikisha haijafungwa mtandao mmoja. Na chukua ya laini mbili, maana laini ya nyumbani lazima ibaki hewani: ujumbe wa namba ya siri kutoka benki unakuja pale, na usipoupata hela zako utazitazama kwa mbali.

Ukienda London usihangaike sana. Mitandao ya Uingereza imesema itamaliza kuzima 2G ifikapo 2033, kwa hiyo kitochi cha bibi bado kina safari.